Mizani Isiyotulia: uchambuzi wa kisa cha kelele za masafa ya chini katika banda la mkonge, Tanga

Katika shamba moja la mkonge lililoko kati ya jiji la Tanga na Muheza kulijengwa banda la kukaushia singa, yaani nyuzi za mkonge, nyakati za masika, wakati jua haliaminiki na singa zilizotoka korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, haziwezi kuachwa kwenye nyaya zikinyeshewa. Swali la kila siku katika banda hilo ni lini shehena iteremshwe. Ikiteremshwa mapema, singa hufungwa kwenye robota zikiwa bado na unyevu na kuota ukungu. Ikichelewa, feni zinakula umeme bure na shehena inayofuata inangoja mlangoni. Msimamizi wa banda, mzee aliyeingia kazi ya mkonge tangu ujanani, alikuwa akiamua kwa kuzishika singa mkononi, na mara nyingi alipatia. Uongozi ulitaka kipimo kinachoweza kuandikwa kwenye daftari. Fundi wa elektroniki mwenye karakana yake Ngamiani akapewa kazi ya kutengeneza mizani ya kuning'iniza, ambayo ingepima sampuli ya kilo 2 kila baada ya dakika kumi, feni zikiwa zimezimwa kwa muda wa kipimo, na kuwasha taa ya kijani pindi uzito unapopungua kwa chini ya nusu gramu katika dakika hizo kumi.

Taa iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Siku ya kwanza iliwaka wakati singa bado zilikuwa na unyevu.

“Mwanangu,” mzee alimwambia fundi, “taa yako haina msimamo. Mimi nikizishika singa bado mbichi, yenyewe inasema tayari.”

“Ni upepo, mzee. Sampuli inapembea.”

“Upepo gani, na feni umezizima mwenyewe?”

Hoja ya mzee ilikuwa nzito kuliko fundi alivyoichukulia siku ile. Alitoa singa, akaning'iniza kipande cha chuma cha kilo 2 mahali pake, akafunga madirisha na kuacha mizani ijiandikie usiku kucha. Chuma hakikauki wala hakinyonyi unyevu. Hata hivyo asubuhi grafu ilionyesha mstari unaopanda na kushuka kwa mawimbi ya pole yasiyo na mpangilio, na juu ya mawimbi hayo mteremko mpana wa gramu nne hivi kutoka jioni hadi alfajiri. Hapo ndipo suala liliponijia mezani, na tangu mwanzo lililonivutia halikuwa ule mteremko wa gramu nne, ambao chanzo chake mtu anaweza kukikisia, bali yale mawimbi madogo yaliyoupanda mgongoni.

Kwa hesabu za awali kifaa hakikuwa na kasoro. Kihisi cha uzito kilikuwa cha kilo 5, chenye rezista nne za mkazo zilizounganishwa kuwa daraja la ohmu 350, kinachotoa milivolti 2 kwa kila volti moja kinayolishwa. Kwa volti 5, mzigo kamili hutoa milivolti 10 tu, na gramu moja hutoa mikrovolti 2. Amplifaya ya bei nafuu ya aina ya CMOS iliikuza ishara hiyo mara 200, kisha kigeuzi cha analogi kwenda dijitali cha biti 16, chenye upeo wa volti 5, kikaisoma mara 1,000 kwa sekunde. Hatua moja ya kigeuzi ni volti 5 kugawanya kwa 65,536, yaani mikrovolti 76. Ikihesabiwa kwa upande wa kuingilia amplifaya ni mikrovolti 0.38, sawa na gramu 0.19. Kipimo kimoja kimoja kilitikisika kwa mchepuko sanifu (ukubwa wa kawaida wa kutawanyika kwa vipimo) wa gramu 0.41, kiasi kinachozidi hatua ya kigeuzi mara mbili, na hilo lenyewe si baya: mtikisiko wa namna hiyo huvisambaza vipimo juu ya hatua kadhaa, hivyo wastani wao unaweza kuona vitu vidogo kuliko hatua moja. Fundi aliufahamu ujanja huo na kuutegemea.

Alichokitegemea pia ni kanuni ya kipeuo cha pili. Ukichukua wastani wa vipimo 1,000, mtikisiko hupungua kwa kipeuo cha pili cha 1,000, ambacho ni karibu 32, kwa hiyo gramu 0.41 zinapaswa kubaki gramu 0.013. Kwa sekunde moja ya kusoma, huo ni usahihi unaozidi mahitaji mara nyingi. Lakini wastani wa sekunde moja ulipolinganishwa na wastani wa sekunde inayofuata, tofauti zao zilikuwa na ukubwa wa kawaida unaolingana na mtikisiko wa gramu 0.12, takriban mara kumi ya alichokitarajia. Fundi akarefusha wastani hadi sekunde 100, kwa imani kwamba jambo lilikuwa uchache wa vipimo. Wastani wa sekunde 100 ukilinganishwa na jirani yake ulitoa gramu 0.12 zile zile. Vipimo laki moja havikuwa bora kuliko vipimo elfu moja.

Kanuni ya kipeuo cha pili ina sharti ambalo husahaulika kwa sababu mara nyingi linatimia lenyewe: makosa ya vipimo yasijuane. Kosa la kipimo hiki lisiwe na habari yoyote kuhusu kosa la kipimo kijacho. Mitikisiko ya ishara isiyotakiwa huitwa kelele, na kelele za aina hiyo huitwa nyeupe, kwa kuwa nguvu yake imetandazwa sawa katika masafa yote, yaani katika kila kasi ya kutikisika, na kelele za joto ndani ya rezista ni za jamii hiyo. Kelele zilizokuwa kwenye mizani hazikuwa hivyo. Anayetaka kuona tofauti na asimame ufukweni Raskazone na kijiti chenye alama za sentimita: mawimbi madogo yanayopiga kijiti yatafutika kwenye wastani wa dakika chache, lakini maji yanayojaa na kupwa hayatafutika, kwa kuwa katika dakika hizo chache yote yanasogea upande mmoja.

Kelele hizi huitwa kelele za flika. Mwanafizikia J. B. Johnson alizipima kwenye vali za umeme mwaka 1925, na mwaka uliofuata Walter Schottky akajaribu kuzieleza na kuzipa jina hilo. Tabia yake ni kwamba nguvu kwa kila hezi moja (mtikisiko mmoja kwa sekunde) huongezeka kadiri masafa yanavyopungua, kwa uwiano wa moja kugawanya kwa masafa yenyewe. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: kila hatua ya mara kumi ya masafa hubeba nguvu ile ile. Kati ya hezi 1 na hezi 10 kuna kiasi fulani; kati ya hezi 0.1 na hezi 1 kuna kiasi hicho hicho. Na kati ya hezi 0.001 na 0.01, yaani mawimbi yanayochukua dakika mbili hadi robo saa, kipo tena hicho hicho. Kurefusha wastani kunazifuta hatua za juu, lakini papo hapo kunamlazimu mpimaji kusubiri muda mrefu zaidi kati ya kipimo na kipimo, na muda huo unafungulia mlango hatua za chini. Kinachotoka dirishani kinarudi kwa mlango. Ndiyo maana wastani wa sekunde moja na wa sekunde 100 walitoa jibu moja.

Ndani ya transista za CMOS, chanzo kinachokubalika na wengi ni mitego midogo iliyoko kwenye oksaidi iliyo chini ya geti, sehemu inayoiongoza transista, na mahali oksaidi hiyo inapokutana na silikoni. Elektroni hunaswa, hukaa, kisha huachiliwa. Mtego ulio karibu na uso huachilia haraka, ulio ndani zaidi huchelewa sana, na jumla ya mitego yenye nyakati zilizotawanyika hivyo hutoa umbo la moja kugawanya kwa masafa. Mtafiti McWhorter aliliwasilisha wazo hilo mwaka 1957 na bado ndilo linaloanza katika vitabu. Kwa mtumiaji wa kawaida yapo mambo mawili ya kushika. Kwanza, kelele hizi hupungua geti likiwa na eneo kubwa, ndiyo maana amplifaya ndogo za bei nafuu huumia zaidi. Pili, kila amplifaya ina kona yake, yaani masafa ambako kelele nyeupe na kelele za flika zinalingana; juu ya kona kanuni ya kipeuo cha pili inafanya kazi, chini yake haifanyi. Amplifaya hii, kwa vipimo tulivyovipata, ilikuwa na kelele nyeupe za nanovolti 20 kwa kipeuo cha hezi, na kona karibu na hezi 110. Uzito wa singa unaobadilika kwa dakika na saa uko mbali sana chini ya kona hiyo.

Kutoka kwenye namba hizo, tabia ya taa inaweza kuhesabiwa pasipo kubahatisha. Wastani wa sekunde moja unaochukuliwa sasa, ukitolewa kwenye wastani wa sekunde moja uliochukuliwa dakika kumi zilizopita, hutoa tofauti yenye mchepuko wa gramu 0.4 hata kama mzigo haukubadilika. Sasa tuchukue singa ambazo bado zinapoteza gramu moja kamili katika dakika kumi, yaani hazijafika. Ili taa iwake kimakosa inatosha kelele zifunike nusu gramu tu, na hilo hutokea karibu mara moja katika kila vipimo tisa. Vipimo viko sita kwa saa. Mzee hakuwa na haja ya hesabu hii ili aione taa ni mwongo. Kurefusha wastani hadi sekunde 100 kulipunguza gramu 0.4 kuwa 0.27, nafuu ndogo kwa subira iliyozidishwa mara mia, na feni zikiwa zimezimwa muda wote huo.

Kabla ya kutibu, ilibidi ugonjwa uthibitishwe, kwa kuwa kuna vitu vingi vinavyofanana na kelele za flika na haviponi kwa dawa yake. Kihisi kiliondolewa na mahali pake pakawekwa daraja la bandia la rezista nne za kawaida za ohmu 350, ambazo hazina chuma kinachopinda wala gundi inayolegea. Rezista kama hizo zina kelele za joto za nanovolti 2.4 tu kwa kipeuo cha hezi, hazionekani mbele ya amplifaya hii. Mawimbi yalibaki kama yalivyo. Kwa hiyo chuma, ndoano, upepo na kihisi chenyewe vikaachiliwa huru kwa upande wa mawimbi madogo. Kisha mlango wa kigeuzi ukaunganishwa moja kwa moja na volteji tulivu ya nusu ya upeo, amplifaya ikiwa imerukwa, na kilichobaki kikagawanywa kwa 200: kilikuwa kidogo kiasi cha kutohitaji kujadiliwa. Amplifaya ilikuwa imepatikana na hatia.

Hapa pana tahadhari ambayo mafundi wengi huikosa. Vigeuzi navyo vina kelele za flika ndani yake, katika bafa za kuingilia na katika chanzo cha volteji ya rejea, na zile za rejea hazionekani pembejeo ikiwa sifuri. Kigeuzi hutoa uwiano kati ya pembejeo na rejea, hivyo rejea ikiyumba kwa sehemu moja ya milioni, jibu nalo huyumba kwa sehemu moja ya milioni ya lenyewe, na sehemu yoyote ya sifuri ni sifuri. Mtu anayefupisha waya za pembejeo na kufurahia utulivu anaweza kuweka mzigo kamili na kushangaa utulivu umekwenda wapi. Katika mizani hii jambo hilo lilikuwa limeepukwa tangu mwanzo, kwa sababu volti 5 zinazolisha daraja ndizo hizo hizo zinazotumika kama rejea ya kigeuzi. Zikipanda, ishara na rejea hupanda pamoja na uwiano hubaki pale pale. Fundi alifanya hivyo ili kuokoa gharama ya kijenzi kimoja. Ni uchumi uliomlipa vizuri.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutenganisha flika na joto, na hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa na mafunzo mengi kwa anayeshughulika na vipimo vya pole. Njia rahisi ni grafu ambayo mwanafizikia David Allan aliianzisha mwaka 1966 kwa ajili ya saa za atomu: unachora ukubwa wa tofauti kati ya wastani jirani dhidi ya urefu wa wastani wenyewe. Kelele nyeupe huchora mteremko unaoshuka, flika huchora sakafu iliyonyooka, na mabadiliko ya joto huchora mlima unaopanda. Grafu ya mizani hii ilishuka kwa muda mfupi sana, ikatambaa kwenye sakafu ya gramu 0.12 kuanzia chini ya sekunde moja hadi dakika kadhaa, kisha ikaanza kupanda. Ubao wa elektroniki ulipofunikwa kwa sanduku lililojazwa pamba, mlima ulisogea kulia na kupungua kimo, lakini sakafu haikushuka hata kidogo. Vitu viwili, basi, vyenye vyanzo viwili.

Hesabu nyepesi inatoa ushahidi ule ule bila grafu. Kwa kuwa kila hatua ya mara kumi huongeza nguvu sawa, flika hukua polepole mno. Amplifaya hupimwa kiwandani kati ya hezi 0.1 na hezi 10, ambazo ni hatua mbili. Kutoka hezi 0.00001, yaani zaidi kidogo ya siku nzima, hadi hezi 10 ni hatua sita. Nguvu huongezeka mara tatu, na ukubwa wa mtikisiko huongezeka kwa kipeuo cha pili cha tatu, kama mara 1.7 tu. Kwa usiku wa saa kumi, flika ya amplifaya hii ingepaswa kutoa mchepuko wa gramu 0.33 kwa vipimo vya sekunde moja. Aliyeona gramu nne zikipotea kati ya magharibi na alfajiri asiitupie flika lawama hiyo, atazame kipimajoto. Usiku ule banda lilipoa nyuzi sita au saba. Amplifaya za daraja hili huhama kwa takriban mikrovolti 1 kwa kila nyuzi moja, ambayo kwa nyuzi sita na nusu ni gramu tatu na robo. Kihisi chenyewe, ambacho karatasi yake inaruhusu asilimia 0.02 ya mzigo kamili kwa nyuzi kumi, kiliweza kuongeza zaidi ya nusu gramu. Jumla inakaribia nne.

Ushauri wa kwanza ambao fundi alipewa na wenzake ulikuwa anunue kigeuzi cha biti 24. Ni ushauri unaotolewa kwa nia njema na unaouzwa sana, na hapa usingesaidia lolote. Biti za ziada hugawanya hatua ya kigeuzi kuwa vipande vidogo zaidi. Hazigusi kelele zilizozaliwa kabla ya kigeuzi. Angeziona zile gramu 0.12 zikiyumba kwa tarakimu nyingi zaidi baada ya nukta. Ushauri wa pili, wa kuongeza kapasita kwenye waya za kihisi, nao ulikuwa na kasoro ya aina hiyo hiyo: kichujio kilichoko mbele ya amplifaya hakiwezi kuchuja kinachozaliwa ndani ya amplifaya. Ushauri wa tatu ulikuwa kusahihisha sifuri kila mashine inapowashwa. Huo unaondoa mhamo, yaani kusogea kwa sifuri, wa wakati ule tu, na dakika kumi baadaye sifuri ni nyingine.

Dawa ya kweli ni kuihamisha ishara itoke kwenye masafa ambako kelele zimejaa. Uzito haubadiliki haraka, lakini umeme unaolisha daraja uko mikononi mwetu. Ukigeuza chanya na hasi ya volti 5, ishara ya uzito nayo hugeuka, ilhali mhamo wa amplifaya, flika yake ya pole, na hata volteji ndogo zinazozaliwa pale metali mbili tofauti zinapokutana kwenye viungo vyenye joto lisilolingana, havigeuki, kwa kuwa havijui kilichogeuzwa. Ukitoa kipimo cha upande mmoja kwenye kipimo cha upande wa pili na kugawanya kwa mbili, uzito hubaki na vile vingine hujifuta, ilimradi havikubadilika sana katika muda mfupi kati ya vipimo viwili. Wapo watakaouliza kwa nini asinunue tu amplifaya inayojikata na kujigeuza yenyewe ndani, maana zipo na ni nzuri. Zilikuwa hazipatikani katika maduka ya mjini, ingebidi ziagizwe na kuletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Lakini sababu hiyo ni ya kupita. Sababu yenye uzito ni kwamba amplifaya ya aina hiyo husafisha kelele zake yenyewe tu. Viungo vya waya vilivyoko nje ya ubao, kwenye banda ambalo upande mmoja una feni na upande mwingine una ukuta uliopigwa na jua, hubaki na volteji zao. Kugeuza daraja husafisha mnyororo wote kuanzia kihisi hadi kigeuzi.

Fundi alitumia transista nne kama swichi, zikiongozwa na mikrokontrola. Muda wa kila upande uliwekwa kuwa milisekunde 60: milisekunde 20 za kusubiri ishara itulie na 40 za kusoma. Hizo 40 hazikuchaguliwa ovyo. Umeme wa gridi ni hezi 50, duru moja ni milisekunde 20, hivyo wastani wa duru mbili kamili hufuta mvumo wa gridi wenyewe. Mgeuko mzima huchukua milisekunde 120, karibu hezi 8.3.

Majibu ya kwanza yalishangaza: kelele zilishuka, lakini chuma cha kilo 2 kikasomeka pungufu kwa kiasi kikubwa. Kosa lilikuwa kwenye zile kapasita za ushauri wa pili, ambazo bado zilikuwa zimelehemiwa kwenye waya. Pamoja na rezista zao zilikuwa na muda bainifu (kipimo cha wepesi wa kufuata mabadiliko) wa milisekunde 10, na baada ya kila mgeuko ishara ilipewa milisekunde 20 tu, yaani nyakati mbili za aina hiyo, ambapo mabaki ya hali iliyotangulia bado ni asilimia 13 ya mruko. Ili mabaki yashuke hadi sehemu moja ya milioni zinahitajika takriban nyakati 14. Zilipobadilishwa kwa kapasita ndogo, muda ukawa milisekunde 1, nyakati 20 zikapatikana, na kilo 2 zikarudi kuwa kilo 2. Ninalitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu linawapata wengi wanaoongeza kugeuza juu ya saketi iliyokwisha kutengenezwa: kichujio kilichokuwa rafiki wakati umeme umesimama huwa mzigo umeme unapogeuka.

Ukinzani wa transista zenyewe ulileta wasiwasi, lakini mdogo. Mbili zinazopitisha kwa wakati mmoja zina ohmu 0.2 kwa jumla mbele ya ohmu 350, na mabadiliko yake kwa joto, kwa mzigo wa kilo 2, hayafiki miligramu 5 kwa nyuzi moja.

Hezi 8.3 bado ziko chini ya kona ya hezi 110, na mtu makini atauliza kama flika haipo hapo pia. Ipo. Lakini pale ukubwa wake ni kama nanovolti 73 kwa kipeuo cha hezi, na jambo la maana zaidi ni kwamba, baada ya kutoa upande mmoja kwenye mwingine, makosa yanayobaki kati ya mgeuko na mgeuko karibu hayajuani tena. Kanuni ya kipeuo cha pili ilirudi kazini. Wastani wa sekunde moja ulitoa gramu 0.03, wa sekunde kumi gramu 0.01, na wa sekunde 100 gramu 0.003, sakafu iliyokuwa imenyooka kwenye grafu ikageuka kuwa mteremko. Kugeuza kwa kasi zaidi kungepunguza kelele hizo tena, lakini muda wa kutulia ungeanza kula sehemu kubwa ya kila upande, na gramu 0.01 kwa sekunde kumi za kuzima feni zilikuwa zimetosha.

Usiku uliofuata, chuma kikiwa ndoanoni, ule mteremko wa gramu nne ulipungua kufikia zaidi kidogo ya nusu gramu na ukafuata kipimajoto hatua kwa hatua. Huo haukuwa wa elektroniki tena. Kugeuza umeme hakuwezi kuutofautisha na uzito, kwa sababu mabadiliko ya kihisi kutokana na joto yamo ndani ya daraja lenyewe na hugeuka pamoja na ishara. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kihisi pacha cha kundi lile lile, kikafungwa sentimita chache kutoka cha kwanza na kubebeshwa chuma kisichobadilika, na usomaji wake ukatolewa kwenye ule wa singa. Vihisi viwili havifanani kabisa, hivyo kilibaki kiasi cha gramu 0.1 kwa usiku mzima, kilichotandazwa juu ya saa nyingi kiasi kwamba dakika kumi hazikioni. Chuma cha kihisi pia hulegea taratibu kwa nusu saa ya kwanza baada ya kubebeshwa sampuli mpya. Katika nusu saa hiyo singa mbichi hupoteza maji mengi kiasi kwamba taa haina nafasi ya kuwaka.

Mzee alitaka taa ijaribiwe kwa njia yake. Kwa muda alizishika singa kwanza, akasema neno lake, ndipo fundi akaruhusiwa kutazama rekodi. Walipotofautiana, mara nyingi ilikuwa ni kwa kipimo kimoja au viwili, na mzee ndiye aliyekuwa akitangulia. Alipoulizwa kama nusu gramu ibadilishwe, alijibu kwamba iachwe, ila taa ingojee vipimo vitatu mfululizo kabla ya kuwaka, kwa sababu sampuli iliyo ndoanoni hukauka mapema kuliko singa zilizobanana katikati ya banda. Fundi aliiandika hivyo kwenye programu.